Ruta ya Linux Isipotoa Intaneti: Mwongozo wa Kutafuta Hitilafu

Kompyuta kuukuu yenye kadi mbili za mtandao, au Raspberry Pi iliyoongezewa kadi ya USB, hugeuka kuwa ruta kamili ikiwekewa Debian au Linux ya aina nyingine. Kazi zake ni tano: kupokea intaneti kutoka kwa mtoa huduma, kugawa anwani kwa vifaa vya nyumbani, kupitisha pakiti kati ya mlango wa ndani na wa nje, kubadili anwani za ndani zionekane kama moja ya nje, na kujibu maswali ya majina ya tovuti. Ruta ya dukani hufanya kazi hizo hizo, ila zimefungiwa pamoja. Kwenye ruta ya kujiundia kazi hizo zimegawanywa kati ya programu na mafaili kadhaa ya mipangilio, hivyo kazi moja inaweza kufa huku nne zikiendelea salama.

Walio sebuleni hawaoni tofauti hiyo. Kwao lalamiko ni moja tu: "Neti imekata." Anayetafuta hitilafu anapaswa kujua ni kazi ipi kati ya hizo tano iliyosimama, na njia fupi ni kupima kwa mpangilio: kwanza kutoka kwenye ruta kwenda nje, kisha kutoka kwenye vifaa vya ndani kuja kwenye ruta. Wengi huanzia katikati, kwenye kanuni za ukuta wa moto, kwa kuwa ndiko walikohangaika zaidi siku ya kuiunda. Jioni inaisha, kanuni zilizokuwa sahihi zimeharibika, na kebo iliyolegea bado imelegea.

Katika mifano yote, `enp1s0` ni mlango wa nje, `enp2s0` ni mlango wa ndani wenye anwani 192.168.50.1, na amri huendeshwa na mtumiaji `root` au kwa kutanguliza `sudo`.

> Vya kuwa navyo kabla ya kuanza
> ☐ Skrini na kibodi vilivyochomekwa kwenye ruta yenyewe. Anayefanya kazi kwa SSH anaweza kujifungia nje kwa kanuni moja mbaya.
> ☐ Kebo ya mtandao inayojulikana kuwa nzima.
> ☐ Nakala ya mipangilio ya sasa: `cp -a /etc /root/nakala-etc`
> ☐ Simu yenye intaneti yake, kwa ajili ya kusoma maelekezo.
> ☐ Karatasi ya kuandika kila kilichobadilishwa. Badiliko liwe moja, kisha lipimwe, na lisiposaidia lirudishwe kabla ya kujaribu jingine.

Swali la kwanza: je, ruta yenyewe ina intaneti?

Swali hili hugawa tatizo katika nusu mbili, na jibu lake hupatikana kwa amri mbili zinazoendeshwa kwenye ruta:

```
ping -c 4 1.1.1.1
ping -c 4 debian.org
```

Ya kwanza hutumia namba na ya pili hutumia jina. Zikijibu zote mbili, upande wa nje ni mzima na uchunguzi uhamie upande wa ndani. Namba ikijibu na jina likakataa, kinachoumwa ni DNS, yaani kazi ya kutafsiri majina. Zote mbili zikikaa kimya, ukuta wa moto na vifaa vya ndani viachwe kwanza, maana tatizo liko kati ya ruta na mtoa huduma.

Upande wa nje

1. *Waya.* Amri `ip -br link` huonyesha kila mlango na hali yake. Penye neno `NO-CARRIER`, kadi haisikii kitu upande wa pili: kebo imekatika, haijaingia vizuri, au kisanduku cha mtoa huduma kimezimika. Kama `enp1s0` haimo kabisa kwenye orodha, huenda imebadilika jina. Majina haya hutokana na mahali kadi ilipochomekwa kwenye ubao mama, na kuongeza kadi nyingine au diski ya NVMe kunaweza kuifanya `enp1s0` ya jana kuwa `enp2s0` ya leo. Mipangilio yote bado inataja jina la zamani, kwa hiyo kila kitu hufa kwa pamoja bila kosa lolote kuandikwa mahali pa wazi.

2. *Anwani.* Amri `ip -br -4 addr` hutoa anwani ya kila mlango, nayo husema mengi:
   - Hakuna anwani, au inaanza na 169.254: ombi la anwani halikujibiwa.
   - Inaanza na 192.168, 10, au iko kati ya 172.16 na 172.31: ruta iko nyuma ya ruta nyingine, kwa kawaida kisanduku cha mtoa huduma. Intaneti hupita bila shida.
   - Iko kati ya 100.64 na 100.127: mtoa huduma anawachanganya wateja wengi nyuma ya anwani moja. Kuperuzi hakuathiriki, lakini kamera au seva ya nyumbani haitafikika moja kwa moja kutoka nje.

   Ombi lisilojibiwa lina sababu mbili zinazojirudia. Ya kwanza ni programu mbili kugombania mlango mmoja, kwa mfano NetworkManager na systemd-networkd; hapo moja izimwe. Ya pili ni mtoa huduma kukariri anwani ya kiwandani ya kifaa cha mwanzo kuunganishwa na kukataa kigeni. Hapo kisanduku chake kizimwe kwa dakika kadhaa kabla ya kujaribu tena, au ruta ipewe anwani ya kiwandani ya kifaa kilichokuwepo.

3. *Njia.* Amri `ip route` inapaswa kuonyesha mstari mmoja unaoanza na `default via`, ukielekea mlango wa nje. Mistari miwili ikiwepo, wenye `metric` ndogo ndio unaofuatwa. Kosa la waundaji wapya, na pengine ndilo linaloongoza, ni kuandika lango (gateway) kwenye mipangilio ya mlango wa ndani. Mlango wa ndani hauna lango, kwa kuwa wenyewe ndio lango la wengine. Ukiandikiwa, pakiti za kwenda nje huelekezwa sebuleni.

4. *Hatua kwa hatua kwenda nje.* Ping ipigwe kwanza kwenye anwani iliyo baada ya `via`, kisha `traceroute -n 1.1.1.1`. Lango likijibu na mbele yake pakawa kimya, ruta haina kosa. Iangaliwe kama kifurushi kimeisha, kisha aulizwe jirani. Wakati mwingine tatizo liko mbali zaidi ya mtaa: tarehe 12 Mei 2024 nyaya mbili za chini ya bahari, EASSy na SEACOM, zilipata hitilafu na intaneti ikazorota Tanzania, Kenya na nchi nyingine za ukanda huu. Siku kama hiyo hakuna amri ya Linux itakayosaidia.

> Kama intaneti inatoka kwenye modemu ya USB
> Modemu nyingi huanza kwa kujitambulisha kama CD yenye programu za Windows, na kifurushi cha `usb-modeswitch` ndicho huzigeuza ziwe modemu. Baadhi, kama za Huawei za aina ya HiLink, huonekana kama kadi ya mtandao na kutoa anwani za 192.168.8; hizo hazihitaji kupigishwa simu. Nyingine huhitaji ModemManager: `mmcli -L` huorodhesha zilizotambuliwa, kisha APN ya mtandao husika huwekwa. Modemu inayojitokeza na kupotea mara nyingi haipati umeme wa kutosha, hasa kwenye Raspberry Pi; hub ya USB yenye adapta yake ndiyo dawa.

> Onyo: anwani zinazofanana pande zote mbili
> Visanduku vingi vya watoa huduma hugawa 192.168.1 au 192.168.0, na miongozo mingi ya Linux hutumia namba hizo hizo kwa upande wa ndani. Zikikutana, ruta haiwezi kujua 192.168.1.20 iko upande gani, na dalili zake ni za ajabu: ping inajibu mara moja na kukataa mara mbili, au ruta ina intaneti na vifaa havina. Upande wa ndani uchaguliwe namba isiyo ya kawaida, kama 192.168.50 au 10.77.5, tangu siku ya kwanza.

Upande wa ndani

Hapa ruta inajibiwa na 1.1.1.1 lakini simu na kompyuta hazipati kitu. Uchunguzi uanze kwenye kifaa kimoja, ikiwezekana kompyuta iliyounganishwa kwa kebo ili Wi-Fi isiongeze utata.

Kwanza itazamwe anwani ambayo kompyuta imepewa. Inapaswa kuanza na 192.168.50, lango likiwa 192.168.50.1. Ikiwa na anwani ya familia nyingine, kuna mgawaji wa pili wa anwani ndani ya nyumba. Mara nyingi ni ruta ya zamani ya dukani iliyobakizwa kwa ajili ya Wi-Fi tu. Kifaa hicho kizimwe huduma yake ya DHCP, yaani ya kugawa anwani, kipewe anwani isiyogongana, kama 192.168.50.2, na kebo inayotoka kwenye ruta ya Linux ichomekwe kwenye tundu lake mojawapo la LAN. Ikichomekwa kwenye WAN, kitaunda mtandao wake wa pembeni, na printa haitaonekana kwenye simu ingawa vyote viko chumba kimoja.

Anwani ikiwa sahihi na ping ya 192.168.50.1 ikijibu, hatua inayofuata ni kupitisha pakiti. Linux huzaliwa ikiwa kompyuta ya kawaida, na kompyuta ya kawaida hutupa pakiti isiyo yake. Ruhusa hutazamwa hivi:

```
sysctl net.ipv4.ip_forward
```

Jibu likiwa 0, ruhusa itolewe kwa `sysctl -w net.ipv4.ip_forward=1`. Ruhusa hiyo hufutika mashine inapozimika, kwa hiyo mstari `net.ipv4.ip_forward=1` uandikwe pia ndani ya faili `/etc/sysctl.d/99-ruta.conf`. Ruta iliyofanya kazi wiki nzima na kufa baada ya umeme kukatika ichunguzwe hapa kwanza.

Kisha ni zamu ya kubadili anwani. Anwani za 10, 172.16 na 192.168 zilitengwa na waraka wa RFC 1918 wa mwaka 1996 kwa matumizi ya ndani, na hazina njia kwenye intaneti. Pakiti ikitoka na anwani hiyo, hakuna atakayeweza kuijibu. Amri `nft list ruleset` huonyesha kanuni zilizopo. Zinazotosha kwa ruta ndogo ni hizi:

```
table inet ruta {
  chain pita {
    type filter hook forward priority filter; policy drop;
    ct state established,related accept
    iifname "enp2s0" oifname "enp1s0" accept
  }
  chain badili {
    type nat hook postrouting priority srcnat; policy accept;
    oifname "enp1s0" masquerade
  }
}
```

Muundo huu unahitaji kerneli 5.2 au ya baadaye. Kanuni hizi zinahusu tu pakiti zinazopita. Ulinzi wa ruta yenyewe dhidi ya wageni wa nje huandikwa kwenye mnyororo wa `input`, nao ni wa lazima kwa ruta yoyote yenye anwani ya hadharani.

Mambo matatu huharibu kanuni zilizo sahihi. Jina la mlango ni la kwanza: anayeunganishwa kwa PPPoE hatoki kwa `enp1s0` bali kwa `ppp0`, na kanuni inayotaja `enp1s0` haitagusa hata pakiti moja. La pili ni kanuni za iptables na za nftables kuishi pamoja. Pakiti hulazimika kuruhusiwa na pande zote mbili. Docker ni mfano mashuhuri, kwani ikiwekwa kwenye ruta inaweza kufunga mnyororo wa `FORWARD` wa iptables. La tatu ni kanuni zilizoandikwa kwa mkono na kusahaulika kuhifadhiwa kwenye `/etc/nftables.conf`, au huduma yake kutowashwa kwa `systemctl enable nftables`.

Kufuata pakiti kwa macho

Yote yaliyotangulia yakionekana sawa na intaneti bado haipo, kubahatisha kukome. Programu ya tcpdump huonyesha pakiti zinapoingia na kutoka, na hakuna kifaa kinachomaliza ubishi upesi kama hiki.

1. Kwenye kompyuta ya ndani iachwe ikipiga ping kwa 1.1.1.1 bila kukoma.
2. Kwenye ruta, dirisha la kwanza liendeshe `tcpdump -ni enp2s0 icmp`.
3. Dirisha la pili liendeshe `tcpdump -ni enp1s0 icmp`.
4. Yanayoonekana yalinganishwe na jedwali hili.

| Kinachoonekana | Maana yake |
|---|---|
| Hakuna kitu kwenye mlango wa ndani | Kompyuta haitumi kwa ruta: lango lake si sahihi, au swichi na kebo vikaguliwe |
| Ndani zipo, nje hazipo | `ip_forward` ni 0, njia kuu haielekei nje, au mnyororo wa `forward` unazuia |
| Nje zinatoka zikiwa na 192.168.50 | `masquerade` haipo au inataja mlango usio wake |
| Nje zinatoka na anwani sahihi, majibu hayarudi | Tatizo ni la mtoa huduma |
| Majibu yanafika mlango wa nje, ndani hayafiki | Mstari wa `established,related` haupo |

Majina yasipotafsirika

Ruta nyingi za kujiundia hutumia dnsmasq, inayogawa anwani na kujibu maswali ya majina kwa pamoja. Ilinganishwe `dig @192.168.50.1 debian.org` na `dig @1.1.1.1 debian.org`. Ya pili ikijibu na ya kwanza ikakataa, dnsmasq imelala. Kumbukumbu zake husomwa kwa `journalctl -b -u dnsmasq`, na lalamiko la kawaida ni kwamba poti 53 tayari inatumika. Anayeitumia hujulikana kwa `ss -lunp`, na kwenye Ubuntu huwa ni systemd-resolved, iliyojikalia kwenye 127.0.0.53. Mistari miwili ndani ya `/etc/dnsmasq.conf` huwapatanisha, kwani kila mmoja hubaki na anwani zake:

```
interface=enp2s0
bind-interfaces
```

Kuna sababu nyingine ambayo wachache huifikiria: saa. Raspberry Pi 4 na zilizoitangulia hazina saa yenye betri, na kompyuta kuukuu nyingi zina betri ya CR2032 iliyokwisha. Umeme ukikatika na kurudi, mashine huamka ikiamini ni tarehe ya nyuma, hata miaka kadhaa nyuma. Vyeti vya usalama vya tovuti hukataliwa kwa sababu "bado havijaanza kutumika". Kama dnsmasq imeagizwa kuhakiki DNSSEC, majina nayo hukataliwa. Saa inahitaji jina la seva ya wakati ili ijirekebishe, na jina linahitaji saa sahihi ili lihakikiwe, hivyo kila moja inasubiri nyingine. Amri `timedatectl` huonyesha tarehe ya ruta, na `date -s` huirekebisha kwa mkono. Suluhisho la kudumu ni betri mpya, moduli ndogo ya saa kwa Raspberry Pi, au mstari `dnssec-no-timecheck` kwenye dnsmasq.

Intaneti ya nusu nusu

Hali inayosumbua kuliko zote ni hii: ping inajibu, ujumbe mfupi unapita, lakini baadhi ya kurasa zinazunguka bila kufunguka. Chanzo chake kwa kawaida ni MTU, ukubwa wa juu wa pakiti. Ethernet hubeba baiti 1500. PPPoE hukata baiti 8 na kubakiza 1492. Pakiti kubwa ikifika mahali pembamba, mtumaji anapaswa kuarifiwa, ila baadhi ya mitandao hutupa taarifa hizo na mtumaji hubaki akirudia kisichopita. Kipimo chake ni hiki:

```
ping -M do -s 1472 1.1.1.1
```

Baiti 1472 zikijumlishwa na 28 za vichwa hufanya 1500. Ikikataa, jaribio lirudiwe kwa 1464, ambayo pamoja na vichwa ni 1492, na kuendelea kushuka hadi ijibu. Kanuni ifuatayo huzifanya pande mbili za kila muunganisho zikubaliane ukubwa unaopita:

```
nft insert rule inet ruta pita tcp flags syn tcp option maxseg size set rt mtu
```

Neno `insert` lina sababu: kanuni lazima iwe juu ya ile ya `established`, la sivyo majibu yatapita bila kuguswa. Ikisaidia, ihamishiwe kwenye faili.

Kurasa zinazofunguka baada ya kusita sekunde kadhaa zinaweza kuwa na sababu tofauti: IPv6 iliyowekwa nusu. Amri `curl -4 -I https://debian.org` na ile ya `-6` hutofautisha. Ikikwama ya pili tu, IPv6 ikamilishwe au tangazo lake lizimwe kwenye mlango wa ndani. Na ikiwa intaneti hufa usiku watu wanapojaa mtandaoni, `dmesg` isomwe. Ujumbe `nf_conntrack: table full` unamaanisha daftari la miunganisho limejaa, na kiwango cha `net.netfilter.nf_conntrack_max` kiongezwe, baada ya kukagua kama hakuna kifaa kimoja kinachofungua maelfu ya miunganisho kwa torenti.

> Baada ya marekebisho
> ☐ Ruta izimwe na kuwashwa tena. Hapo ndipo hujulikana kama marekebisho yamehifadhiwa.
> ☐ `ip -br addr`, `ip route` na `nft list ruleset` zihifadhiwe kwenye faili zikiwa nzima, ili siku nyingine ziwe kipimo cha kulinganisha.
> ☐ Kanuni za majaribio zifutwe, hasa zile za kufungua kila kitu.

Kabla ya kumpigia mtoa huduma, kompyuta moja iunganishwe moja kwa moja kwenye kisanduku chake, bila ruta kati. Ikipata intaneti, hitilafu ni ya ruta na mhudumu wa simu hataweza kuisaidia. Isipopata, apewe saa tatizo lilipoanza na matokeo ya `traceroute` yaliyopatikana bila ruta. Mafundi wengi hawashughulikii malalamiko yanayopitia kifaa wasichokifahamu.